Namba Kwanza, Maneno Baadaye

"Soma basi, Mallika. Unatuning'iniza kwa nini?"

Khala Bulu, mkuu wa meza yetu, alisema hivyo mkono wake ukiwa bado ndani ya ndoo ya gundi. Meza nzima ilinyamaza. Na wanawake saba wa kukunja karatasi wakinyamaza wote kwa pamoja, ujue kuna jambo, maana sisi hata msibani hatunyamazi.

Nilikuwa nimesimama na rundo la karatasi kifuani, linanuka wino mbichi. Ulikuwa ukurasa wa tabaruku wa kitabu cha Rafsan, ule ambao mwandishi husema, kitabu hiki nampa fulani. Ukurasa huo huchapwa mwisho kuliko zote, kwa sababu waandishi hubadili mawazo hadi mashine inapowashwa. Mimi nilikuwa nimeusubiri wiki tatu.

Nikasoma kwa sauti:

"Kwa Tahmina. Bila wewe nisingeandika hata mstari mmoja."

Ndoo ya gundi ikatoa povu moja, pwaa.

"Mallika," Jhorna akaniuliza, taratibu kama mtu anayemgusa mgonjwa, "kumbe jina lako la shuleni ni Tahmina?"

"Funga mdomo ukunje karatasi," Khala Bulu akamwambia.

Sasa mnielewe. Februari hapa Dhaka si mwezi, ni harusi ya vitabu. Kila aliyemaliza chuo kikuu na ana kalamu anataka kitabu chake kiwe kwenye maonyesho kabla mwezi haujaisha, na vyote vinapita Banglabazar, kwenye karakana zetu za kujalidi. Mwaka huu wahitimu watano wa darasa moja walijiunga wakatoa vitabu vitano kwa mpigo mmoja, ukubwa mmoja, bei moja. Ili visichanganyike, kila kitabu kilipewa namba yake, moja hadi tano, imechapwa kwa herufi ndogo chini ya kila karatasi. Hadithi ya Rafsan ilikuwa namba tatu. Mashairi ya rafiki yake Tushar yalikuwa namba nne.

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka tisa iliyopita, Khala Bulu alinishika sikio akaniambia, "Tazama namba kwanza, maneno baadaye. Maneno ni ya wanunuzi."

Lakini mimi nina ugonjwa wa kusoma. Niliishia darasa la nane, ila nimesoma vitabu kuliko maprofesa, tena kwa vipande, ukurasa wa kwanza, wa kumi na sita, wa nane, wa tisa, jinsi vinavyokaa kwenye karatasi kubwa kabla haijakunjwa. Kichwa changu kimezoea kuvipanga.

Ndivyo nilivyomjua Rafsan. Alikuja Januari kuangalia kitabu chake, kijana mrefu, shati limepigwa pasi mbele tu, anaona haya hata kuuliza njia. Nikamwambia bila kuinua macho:

"Kaka, huyu Hasna uliyemuua ukurasa wa arobaini, mbona anakunywa chai ukurasa wa sabini na moja?"

Alichukua karatasi. Akasoma. Akakaa chini sakafuni, pale pale kwenye mabaki ya karatasi.

"Wameshakisoma watu sita," alisema. "Mmoja ni daktari wa falsafa."

"Labda walidhani ni mzimu."

"Hii ni karatasi ya ngapi?"

"Ya tano. Wahi kwa mchapaji, bado hajachapa zote. Mpe chai mtu mwingine."

Alikimbia. Kesho yake akarudi na muri, bisi za mchele zilizochanganywa na pilipili na vitunguu, ya meza nzima. Keshokutwa pia. Khala Bulu akasema kijana huyu ama anapenda kujalidi ama anapenda mjalidi.

Mwisho wa mwezi akaniambia ukweli wote. Alikuwa amenitaja kwao, na mama yake amekataa. Mama mwenyewe ni Mwalimu Shahanara, mwalimu mkuu mstaafu, aliyefundisha nusu ya watoto wa mtaa wetu wa Sutrapur na kuwachapa nusu nyingine.

"Anasema hataki mkwe asiyesoma," Rafsan alisema.

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia ndiye atakayefungua kitabu changu jukwaani, Ijumaa ya uzinduzi. Na ukurasa wa kwanza kabisa utakuwa na jina lako, Mallika. Nitaliandika mahali ambapo hata mwalimu mkuu hawezi kulipiga wino mwekundu. Akishalisoma mbele za watu, hataweza kusema hakulisikia. Utanisubiri hadi hapo?"

Nilimwambia nitamsubiri, ingawa kaka yangu Alamgir alikuwa ameshaniletea mchumba, mwenye duka la bangili, na familia yao ilitaka jibu kabla ya Ijumaa hiyo hiyo.

Na leo Jumanne, ndiyo ukurasa huu. Kwa Tahmina.

Nilitoka nje kwenye ngazi nikampigia.

"Mallika. Ukurasa umefika?"

"Umefika."

"Umeusoma?"

"Mbele ya meza nzima."

Akacheka kile kicheko chake cha haya. "Sasa? Umefurahi?"

Jamani. Kuna wanaume wana roho.

"Nimefurahi mno. Na mwenyewe mfikishie salamu."

"Mwenyewe nani?"

Nikakata. Nikaifungia namba yake. Kisha nikamwandikia kaka yangu:

*Kaka, waambie wa bangili waje Ijumaa saa tisa. Sina kinyongo.*

Jibu lilikuja kabla sijafuta machozi:

*Alhamdulillahi. Vaa sari ya njano, si ile yenye gundi.*

Nikarudi mezani nikabandika. Vitabu mia tatu, ukurasa mmoja mmoja, uzi mwembamba wa gundi kwenye ukingo, bonyeza, weka. Khala Bulu alitaka kumpa mtu mwingine kazi ile, nikakataa. Nikasema kama ni kuzikwa, nijizike mwenyewe, angalau mstari uwe umenyooka.

Jumatano Rafsan akaja. Khala Bulu alimkuta mlangoni, ufagio mkononi. Mimi nilijificha nyuma ya marundo.

"Khala, niitie Mallika."

"Mallika yupi?"

"Khala, unanijua. Tumekula muri pamoja mwezi mzima."

"Imeisha. Nenda."

"Nimekosa nini? Niambieni basi nitubu."

"Asiyejua kosa lake hatubu, anabahatisha. Anaolewa Mallika, mwanangu. Wageni wanakuja Ijumaa."

Sikumwona uso. Nilisikia tu viatu vyake vikishuka ngazi, kimoja kimoja, kama vya mzee.

Alhamisi vitabu vikaenda kwenye uwanja wa maonyesho, vimefungwa kwa karatasi ya rangi na utepe. Kwetu kitabu kipya huvishwa kama bibi harusi. Mwandishi mwenyewe hakifungui mpaka jukwaani, mgeni wa heshima avute utepe.

Ijumaa asubuhi nilikuja kazini na sari ya njano, niondoke saa nane nikaolewe na bangili. Zilikuwa zimebaki nakala hamsini za mashairi ya Tushar, zilizoshushwa kutoka meza ya ghorofa ya juu zikisubiri ukurasa wa tabaruku na majalada. Ilipokaribia saa nane Jhorna alikuwa ameanza kubandika. Mara akasimama.

"Mallika, wewe mwanamke wewe. Na mshairi naye?"

"Mshairi amefanya nini?"

"Amekutunuku kitabu. Njoo usome mwenyewe, mimi nisije nikaambiwa nimezusha."

Nikausoma ule ukurasa. Ulisema:

"Kwa Mallika wa meza ya kukunja, msomaji wangu wa kwanza. Kikisomeka kitabu hiki, ni kwa sababu yeye alikisoma kabla hakijawa kitabu. Na Hasna ameacha chai."

Mikono ya kazi ina akili yake, ikashusha jicho langu chini ya ukurasa, pale karibu na mshono. Namba tatu.

"Nipe kitabu cha Rafsan. Chochote kilichobaki."

Kilikuwepo kimoja kilichochanika jalada. Nikafungua ukurasa wa Tahmina, nikatazama chini. Namba nne.

"Khala," nikasema, "kurasa hizi mbili zilichapwa vipi?"

"Pamoja. Karatasi moja kubwa, huku cha tatu, huku cha nne, tukapasua katikati kwenye kikatio. Tusipoteze karatasi."

"Na nani alitoa marundo kwenye kikatio?"

"Si wewe? Uliruka kama mbuzi kaona chumvi, marundo yote yamelala kifudifudi. Moja ukalikumbatia, moja ukalipeleka juu."

"Na wa juu hawakutazama namba?"

"Miaka tisa hujakosea, watazame ya nini? Wamekuamini."

Nilikaa chini sakafuni, pale pale alipokaa yeye siku ya Hasna.

"Khala, nilitazama maneno."

Khala Bulu alichukua kurasa zote mbili, akazisogeza karibu na pua, akazitazama chini, akanitazama mimi. Nilingoja kofi. Miaka tisa alikuwa na haki nalo.

"Mkunjaji asiyetazama namba," alisema, "ama amekufa ama amependa. Wewe unapumua. Na huyu Tahmina ni nani?"

"Mke wa Tushar," Jhorna akadakia. "Wameoana mwaka jana, binamu yangu alipika. Mkali huyo, Mungu anisamehe. Sasa saa kumi mumewe anazindua mashairi kwa jina la Mallika."

Nikamfungulia Rafsan namba, nikapiga. Ikaita, ikaita. Uwanjani Ijumaa ya maonyesho hata risasi husikii, seuze simu.

"Visu," Khala Bulu akasema, akiinuka na ndoo. "Brashi. Kurasa zote za Mallika zilizobaki. Nani anabaki?"

Hakubaki mtu. Riksho tatu, wanawake wanane, ndoo mbili za gundi. Njiani, foleni imetukamata na saa tisa imepita, kaka yangu akapiga.

"Uko wapi? Wageni wameshafika, wamekaa."

"Wape chai, kaka. Wape na vitumbua vya pitha."

"Na wewe?"

"Mimi nina kosa la kurekebisha kwenye maonyesho."

"Kosa gani hilo la Ijumaa?"

"La vitabu mia sita."

"Mallika, utaniua kwa aibu."

"Waongeze pitha," nikasema, maana dereva wa riksho alikuwa anapanda ukingo wa barabara na mimi nimeshika ndoo.

Tulipofika, uzinduzi ulikuwa umeshaanza, na watu walikuwa wamejazana hadi kwenye miti. Mwanzoni nilidhani wanashangilia. Tulipojipenyeza ndipo nikaona: jukwaani Mwalimu Shahanara amesimama katikati, mwembamba, sari nyeupe, miwani kwenye ncha ya pua, kitabu cha mwanawe mkononi. Kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Kwa Tahmina," alikuwa anarudia. "Rafsan. Mke wa mwenzio?"

"Mama, sikuandika hivyo."

"Jina lako liko hapa kwenye jalada. Au na jalada si lako?"

"Mama, wallahi."

"Usiape mbele ya watu mia nne. Mwezi mzima unaniambia, mama, subiri usome jina mwenyewe. Nimesoma. Nilidhani ni yule mkunja karatasi, nikawa nakosa usingizi. Leo namtamani yule mkunja karatasi."

Pembeni, dada mmoja wa sari nyekundu alikuwa ameshika kitabu kingine, na Tushar amerudi nyuma hadi kwenye maua.

"Msomaji wako wa kwanza," Tahmina alikuwa anasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naamshwa alfajiri nisikilize mashairi ya mvua. Mallika ni nani?"

"Tahmina, simjui mtu huyo."

"Humjui, na umejua Hasna ameacha chai. Na Hasna naye ni nani? Wako wangapi?"

Nikapanda jukwaani. Sikufikiri, maana ningefikiri ningerudi nyumbani kwa bangili.

"Dada, Mallika ni mimi," nikasema. "Na mumeo hanijui. Mwalimu, assalamu alaikum, naomba hicho kitabu dakika moja. Kosa ni langu, si la mwanao."

Rafsan aliniona. Alikuwa amekonda siku tatu tu hizo. Alitazama ndoo, akatazama sari ya njano, akaelewa nusu.

Nikapiga magoti pale kwenye mbao za jukwaa. Kisu kwenye ukingo, swii, ukurasa wa Tahmina ukatoka bila jeraha. Brashi mara moja. Ukurasa mwingine nikautazama namba, nikautazama tena, ndipo nikaubandika. Bonyeza. Nikamrudishia Mwalimu kwa mikono miwili.

"Soma sasa. Unywele wa gundi bado mbichi, usikunjue sana."

Alisoma kimya kwanza, kama mwalimu anayesahihisha. Kisha akasoma kwa kipaza sauti, neno kwa neno, hadi Hasna na chai yake. Akavua miwani.

"Ni wewe uliyemwona marehemu anakunywa chai?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukurasa gani?"

"Sabini na moja. Karatasi ya tano, upande wa ndani."

"Mimi kitabu hiki nimekisoma mara tatu kabla hakijachapwa," alisema. Hakuwa anazungumza na mimi tena, alikuwa anajisahihisha mwenyewe, na kipaza sauti kinasikiliza. "Miaka thelathini na nne nasahihisha insha. Sikumwona." Akamgeukia mwanawe. "Nilikuambia usiniletee msichana asiyesoma. Kwa nini hukuniambia huyu anasoma kuliko mimi?"

"Nilikuambia, mama. Ulisema nisikujibu."

Watu wakacheka. Mwalimu naye mdomo ukamponyoka upande mmoja.

Tahmina alikuwa ameshauchukua ule ukurasa niliotoa, anausoma polepole. Bila wewe nisingeandika hata mstari mmoja.

"Haya uliandika wewe?" akamuuliza mumewe.

"Mimi."

"Mbona nyumbani husemi hivi?"

"Nyumbani hunipi nafasi."

Akaukunja, akauweka ndani ya blauzi. "Huu haubandikwi popote. Chapeni mwingine."

Ndipo Rafsan akanisogelea. Watu mia nne, na bado alinong'ona.

"Khala aliniambia unaolewa."

"Wageni wako kwetu sasa hivi, wanakula pitha."

"Na wewe uko hapa."

"Mimi niko hapa na gundi inakauka. Kaa, shika hilo rundo. Utaniomba msamaha baadaye."

"Mimi ndiye nikuombe?"

"Tutagawana. Shika."

Basi tukakaa chini mbele ya kibanda, meza nzima ya Banglabazar, Khala Bulu katikati kama malkia, tukahamisha kurasa kitabu kimoja baada ya kingine. Watu wakapanga foleni. Walitaka kitabu kibandikwe mbele ya macho yao. Wengine walitaka chenye kosa, wakakataa kisiguswe. Wasichana wa chuo wakaanza kuniletea kalamu, weka sahihi dada, nikawaambia mimi si mwandishi, wakasema ndiyo maana. Wale wahitimu wengine watatu walikuja kuomba nisome vyao, kama na kwao kuna marehemu anatembea. Kabla jua halijashuka nyuma ya miti, namba tatu ilikuwa imekwisha, na nakala za namba nne zimebaki saba.

Simu yangu ikalia. Alamgir. Mkono ulikuwa na gundi, Mwalimu Shahanara akaiokota yeye.

"Mallika, watu hawa wanauliza jibu," kaka alisikika hadi nje.

"Wape chakula washibe, usiwatoe wageni na njaa," Mwalimu akasema. "Kisha waambie kwa adabu msichana ameshaposwa."

"Ameposwa na nani? Wewe ni nani?"

"Na sisi. Tunakuja kesho na mishti, vitamu vya posa. Mimi ni Mwalimu Shahanara."

Halafu sauti ya kaka yangu ikabadilika, ikawa ya mtoto wa miaka tisa.

"Mwalimu? Ni Alamgir. Alamgir wa dawati la mwisho."

"Wa dawati la mwisho, aliyekula chaki. Nakukumbuka. Una neno?"

"Sina, Mwalimu."

"Kaa chini basi."

Naapa tulisikia kiti.

Wiki tatu baadaye nyumba yetu haikuwa na pa kukanyaga. Wakunjaji wote, wahitimu wote watano, Tushar na Tahmina wake wameshikana vidole, hata mama wa mwenye duka la bangili alikuja, akaniletea dazeni mbili za bangili, akasema pitha za siku ile zilikuwa nzuri mno, mtu huwezi kuweka chuki. Kaka Alamgir alisimamia sufuria za biriani na hakukaribia kiti cha Mwalimu hata mara moja.

Kadhi akakaa mbele yangu na kitabu chake kikubwa.

"Mallika binti Sirajul, umekubali kuolewa na Rafsan bin Mahbub?"

Bibi harusi kwetu hulia kidogo, au huinamisha kichwa asubiri kuulizwa tena. Mimi niliinama kweli. Niliinua ushungi, nikauvuta ukurasa wa kadhi karibu, nikatazama chini kabisa, pembeni, karibu na mshono.

"Bibi harusi unatafuta nini?" kadhi akauliza.

Nyuma yangu nikasikia Khala Bulu anaanza kucheka, kile kicheko chake cha tumboni, kisha Jhorna, kisha meza nzima.

"Namba," nikasema. "Iko sawa. Sasa nisomee maneno."

Akayasoma upya. Nikasema nimekubali, mara tatu, kwa sauti iliyofika hadi kwenye biriani.